Mtani Aliyelala Kaburini

Udongo wa Ifakara haupendi kuchimbwa wakati wa masika. Ukishuka kina cha magoti tu, maji yanaanza kuchungulia, na ukifika kifuani inabidi mmoja achimbe na mwingine achote kwa ndoo. Asubuhi ile wachimbaji wetu walikuwa wameshakata tamaa ya kulikausha kaburi. Waliliacha na maji yake ya kufika kwenye vifundo vya miguu, wakatandika majani ya migomba ili jeneza lisikae kwenye tope. Nilikwenda kulikagua mwenyewe. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, kama nilivyokuwa mwenyekiti wa mambo mengi pale mtaani kwetu Lipangalala, na niliamini kwamba kazi ya mwenyekiti ni kuhakikisha mambo yanakwenda kama yalivyopangwa.

Tulikuwa tunamzika kijana wa jirani yangu, dereva wa bodaboda, aliyechomwa kisu katika ugomvi wa vikundi viwili vya vijana. Kikundi kimoja ni cha mtaani kwetu. Kingine ni cha ng'ambo ya reli. Aliyekuwa naye wakati ule, aliyemshika mpaka akakata roho, ni mjukuu wangu. Alimwona aliyechoma na alimfahamu. Polisi walipomuuliza alisema palikuwa na giza, hakuona kitu. Jina la aliyechoma alilificha kwa ajili yake mwenyewe, na mtaa mzima ulielewa maana yake: rafiki yake akishafukiwa, yeye atavuka reli.

Nilikuwa na hofu hiyo moja tu. Sikuogopa tena simu kuporwa, wala duka kuvunjwa. Niliogopa kwamba kabla jua halijazama mjukuu wangu atakuwa ameua mtu, au ameuawa.

Kijana huyu nimemlea mimi. Baba yake, mwanangu, anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa, huja nyumbani akipata likizo. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Kwa hiyo alikua kati yangu na marehemu mke wangu, na kwetu sisi Wapogoro, kama ilivyo kwa makabila mengi ya nchi hii, babu na mjukuu ni watani. Baba ndiye anayekemea na kuchapa. Babu anataniwa. Mke wangu alikuwa akimwita "mume wangu", nami nilikuwa nikimwita "mwizi wa mke wangu", naye akiwa na miaka mitano alikuwa akinijibu, "Wewe mzee huna meno, utamlisha nini?" Tulicheka naye hivyo miaka mingi. Mambo ambayo hakuweza kumwambia mtu yeyote aliniambia mimi, kwa sababu aliyaleta yakiwa yamevaa mzaha.

Utani huo niliuua mwenyewe, na naieleza hapa namna nilivyouua kwa sababu bila hiyo mazishi yale hayaeleweki.

Kuna mwaka simu zilianza kuporwa mtaani kwetu. Vijana walikuwa na kijiwe chao kwenye banda la kinyozi, penye njia panda. Walikaa pale wakisubiri abiria, wakicheza bao, wakipiga kelele. Bila shaka wezi walikuwamo. Walikuwamo pia watoto waliokuwa hawana pengine pa kukaa. Mimi nilikuwa kiongozi wa ulinzi wa mtaa. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nimefanya kazi ya ukarani maisha yangu yote, na niliheshimika kwa kuwa mtu asiye na mchezo. Siku moja niliwachukua mgambo, tukawazoa vijana wote wa kijiweni bila kuuliza nani mwizi na nani mkaaji, tukawapeleka ofisi ya mtaa, tukawakalisha chini kwenye vumbi na kuwanyoa upara kwa wembe, mama zao wakitazama.

Mjukuu wangu alikuwa mmoja wao. Mzee mwenzangu alininong'oneza, "Huyu wako mtoe basi." Nikasema kwa sauti ili watu wote wasikie, "Sheria haina mjukuu." Watu walipiga makofi. Nilijisikia mkubwa.

Zamu yake ilipofika aliinua uso akaniangalia na kusema, "Babu, njoo ukae na wewe. Hizo mvi zako umeziiba kwa nani?"

Watu wakaanza kucheka. Mpaka kinyozi alicheka. Sasa najua kwamba mtoto yule alikuwa ananirushia kamba. Alikuwa anataka kujua kama aliye mbele yake bado ni babu yake. Nilimchapa fimbo ya bega. Kicheko kikakatika. Tangu siku hiyo hakunitania tena. Aliniamkia shikamoo asubuhi na jioni, kwa adabu kamili, kama mtu anayemwamkia mwalimu mkuu.

Nywele zikaota, wakazinyoa tena wao wenyewe, wote. Hata wale ambao hatukuwakamata walikwenda kwa kinyozi wakanyolewa upara. Nilidhani nimewanyoa, kumbe nimewashonea sare. Mwanzo walikuwa vijana waliokalia benchi moja. Baada ya kazi yangu wakawa kikundi, wanatambulikana kwa mbali, na wa ng'ambo ya reli walipoona hivyo nao wakajifanyia alama yao.

Juhudi hazikukosekana. Walikuja wataalamu kutoka mji mkubwa wakaendesha semina ukumbini, wakagawa soda na fulana, wakazungumza maneno mazuri kuhusu amani. Vijana walikaa viti vya nyuma. Ofisa wa kata alianzisha ligi ya mpira, ikaenda vizuri mpaka fainali, fainali ikaisha kwa mawe. Mchungaji mmoja alifungua karakana ya kufundisha ufundi wa pikipiki, na hiyo iliwasaidia wachache kweli. Sisemi kwamba hayo yalikuwa bure. Nasema tu kwamba nilikuwamo katika yote hayo, nikiwa na fimbo yangu, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna kitu kilichokuwapo hapa kabla yetu.

Sasa nirudi kwenye msiba.

Sisi Wapogoro ni watani na Wangoni. Wazee wanasema zamani tulipigana. Wangoni walishuka na ngao zao, wakachukua mazao na watu, na babu zetu wakakimbilia milima ya Mahenge. Vita vilipochosha pande zote mbili, badala ya kuendelea kuuana wakaamua kutukanana. Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kukasirika. Anaweza kuingia jikoni kwako akachukua chungu. Msibani ndiko anakokuwa na mamlaka kamili: anaiga mwendo wa marehemu, anazuia jeneza njiani, na akitaka anaingia kaburini akalala mpaka atolewe kwa kupewa kitu. Hakuna anayeweza kumtoa kwa nguvu. Alichopewa hakirudishwi.

Mtani wetu mkubwa pale mtaani ni bibi mmoja wa Kingoni, muuza samaki wakavu, mwembamba, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Anakunywa pombe ya kienyeji na hafichi. Siku moja kabla ya mazishi nilimkuta msibani akikaanga samaki pamoja na akina mama, nikamwita pembeni.

"Bibi, msiba huu ni wa damu," nikamwambia. "Vijana wamekasirika. Kamati imeamua utani usiwepo."

"Kamati ni nani?"

"Ni sisi wazee."

"Wewe mzee wa wapi? Nimekuona unakuja mjini hapa na kaptula ya shule, makalio nje." Akina mama wakainamisha nyuso. "Mwenyekiti, umewanyoa watoto, sasa unataka kuninyoa na mimi?"

"Nakuomba kwa heshima."

"Na mimi nakukatalia kwa heshima. Nipishe, samaki wanaungua."

Nikaondoka nimekasirika, jambo ambalo kwa mila ni kosa. Kisha nikaongeza kosa la pili, kubwa zaidi. Nilikwenda kwa kamanda wa mgambo tukapanga kwamba vijana wake wakae na marungu nyuma ya miti ya mitiki inayopakana na makaburi. Vijana wa kijiweni wakitoka kuzika, wanakamatwa wote, kuanzia mjukuu wangu. Nilidhani namwokoa. Sikumwambia mtu.

Siku ya mazishi hapakuwa na mvua, lakini mbingu ilikuwa nzito na nzi walikuwa wengi. Vijana wa kijiweni ndio waliobeba jeneza kutoka nyumbani. Walivaa yale makoti mazito wanayovaa madereva wa bodaboda kujikinga na baridi ya asubuhi, ingawa joto lilikuwa linatuchemsha. Walilibeba vizuri mno. Hawakupepesuka, hawakuinama, walilishusha juu ya magogo mawili yaliyolazwa kukatisha kaburi kwa kupiga magoti migongo ikiwa imenyooka, kisha wakasimama safu moja kama askari wa gwaride. Mimi niliona nidhamu. Niliwasifu moyoni.

Katekista alifungua kitabu. Alikuwa hajamaliza sala ya kwanza, akatokea bibi wa Kingoni amejifunga kanga kiunoni, akawapenya watu mpaka ukingoni. Akampa mkono mchimbaji mmoja, akawaambia wengine wasogeze jeneza kando, akashuka. Tukasikia maji yakipasuka. Alilala chali juu ya yale majani ya migomba, akakunja mikono kifuani.

"Nimefika," akasema. "Fukieni."

Katekista alifunga kitabu akakiweka kwapani. Naye ni Mpogoro. Alijua kwamba kwa muda ule ibada si yake.

Nilikwenda mpaka ukingoni. "Bibi, toka huko."

"Nani huyo?"

"Mwenyekiti."

"Huku chini hakuna mwenyekiti. Huku wote ni wajumbe."

Watu walicheka, kile kicheko cha msibani kinachotokea puani kwa sababu mdomo unaona aibu. Mjomba wa marehemu akatupa sarafu kaburini kama ilivyo desturi. Sarafu ikarudi juu, ikamgonga kifuani.

"Sitaki hela zenu. Nawataka wale waume zangu waliovaa makoti. Waje wanitoe wao."

Vijana wakatazamana. Wakasogea ukingoni, mjukuu wangu katikati.

"Haya, inameni mnipe mikono."

Hakuna aliyeinama.

"Inameni, waume zangu. Nazeeka huku."

"Bibi, panda tu, pale kuna ngazi," akasema mmoja wao.

"Sijaomba ngazi, nimeomba mume. Mbona hamuinami? Tangu nyumbani nawatazama, mnatembea kama mmemeza mitwangio. Wapogoro siku hizi mnazaliwa bila viuno? Babu zenu walikuwa wanajua kuinama sana. Walikuwa wanaingia kwenye mapango ya Mahenge wameinama hivi, wakisikia Wangoni tunapiga chafya tu."

Mzee mmoja wa upande wetu hakuvumilia. "Na ninyi mlifuata nini huko kama si kuku?"

"Tulifuata wanawake. Wenyewe walikuwa wamechoka kuolewa na watu wa pangoni."

Wakati huo watu walikuwa wanacheka wazi, na katikati ya kicheko kile kijana mmoja, mdogo kuliko wenzake, mpole, akasahau. Akainama kumpa bibi mkono. Mpini wa panga ukachomoza kwenye kola ya koti lake, nyuma ya shingo.

Kila mtu aliuona. Hapo ndipo nilipoelewa ile migongo iliyonyooka. Mimi niliyesoma, niliyekuwa nimeweka mgambo, nilikuwa nimesimama nao tangu asubuhi nikaona gwaride. Yule bibi aliona mapanga tangu nyumbani, akaja kulala kwenye maji ili yatoke yenyewe.

"Aaa," akasema taratibu. "Kumbe kiuno cha chuma. Nipe."

Kijana akamtazama mjukuu wangu.

"Usimtazame huyo. Aliyelala kwenye maji ni mimi. Nipe."

Akalichomoa. Panga lilipoonekana lote, watu wakarudi nyuma, na wakati huohuo mgambo wakatoka kwenye mitiki wakikimbia na marungu yao. Walikuwa wanafanya kile nilichowaagiza. Vijana wote wakapeleka mikono mabegani, kwenye mipini.

Mjukuu wangu aliwatazama mgambo, kisha akanitazama mimi.

"Babu, hawa ni wewe umewaleta?"

Ningeweza kusema sijui. Nilimwona mama wa marehemu amekaa kwenye mkeka, hata machozi hana tena, na nyuma yake watoto wa watu, wakiwa kati ya mapanga na marungu, juu ya jeneza ambalo halijazikwa.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

Sauti ikatoka kaburini. "Kuna nini huko juu? Naona miguu ya mwenyekiti inatetemeka."

"Ni mgambo, bibi," akajibu mchimbaji.

"Wamekuja kuzika au kuoa? Waambie wakae. Na wewe mwenyekiti, wewe ni mtani wangu vilevile. Huna cha kunipa?"

Sikuwa na kitu ila fimbo. Nimetembea nayo miaka mingi, watoto wa mtaa wanaijua kuliko wanavyonijua mimi. Niliiteremsha mkononi mwake. Kisha nikawageukia mgambo nikawaambia waweke marungu chini, nikawaomba kama mtu anayeomba maji. Kamanda wao akaliweka la kwake kwenye majani. Wengine wakamfuata.

"Fimbo yenyewe nyepesi," bibi akasema. "Ndiyo maana watoto hawakuogopi. Haya, wanaume wenyewe waje sasa."

Wakaja. Sijui niieleze vipi. Vijana ambao semina hazikuwagusa, ambao niliwawinda mimi na kuwanyoa na kuwachapa, walipita mmoja mmoja ukingoni mwa kaburi wakampa bibi mlevi mapanga yao, naye akampokea kila mmoja kwa tusi lake. Mmoja aliambiwa ana masikio ya bakuli. Mwingine aliambiwa mama yake alimkopa. Wengine walicheka huku wanalia. Hakuna aliyelazimishwa. Nadhani walikuwa wanatafuta tangu asubuhi mtu wa kuwapokonya bila kuwaaibisha, na tusi la mtani halina aibu.

Akabaki mjukuu wangu.

"Langu sikupi, bibi," akasema.

"Kwa nini, mume wangu?"

"Lina kazi."

"Kazi gani?"

Akatazama jeneza.

"Itaje kazi yake. Mama wa mwenzako huyo hapo, amekaa. Mtajie akusikie, ajue keshokutwa atakwenda kukaa kwenye mkeka gani."

Hakuweza kuitaja.

"Basi nizike," bibi akasema. "Leteni jeneza liwe juu yangu. Maji yameshaingia masikioni, sioni tofauti."

Hakuwa anatania tena, au alikuwa anatania kwa namna ambayo sijapata kuiona. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Miguu yake, myembamba kama ya korongo wa mbugani, ilikuwa inatikisika ndani ya yale maji, na alikuwa ameifumba mikono kifuani ili tusione kwamba nayo inatikisika. Bibi wa umri ule. Nilielewa kwamba hatatoka. Angelala pale mpaka homa imchukue, na mila isingemruhusu mtu kumgusa.

Mjukuu wangu naye alielewa. Halafu akafungua koti. Panga lilikuwa limefungwa mgongoni kwa kamba ya katani. Akaifungua kamba ile, akapiga magoti kwenye tope, akainama mpaka kifua kikagusa ukingo na kumpa. Kisha akalivua koti lenyewe, akamtandikia juu ya mwili kama anavyofunikwa mtoto.

"Utapata homa, bibi," akasema.

Yule bibi alimshika kifundo cha mkono, hakumwachia. Akazungumza kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu nikasikia.

"Panga umenipa. Bado jina. Hilo usinipe mimi, mimi mlevi, nitalimwaga njiani. Lipeleke panapoandikwa. Umesikia, mume wangu?"

"Nimesikia."

"Sasa nitoe. Nimeganda makalio."

Mjukuu wangu na wenzake walimtoa, wote wameinama, wote viuno wanavyo. Alisimama akidondosha maji, amevaa koti la bodaboda linalomfika magotini, akakusanya mapanga pamoja na fimbo yangu kwenye kanga. Mama wa marehemu alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Alimwita.

"Mtani. Umechafua mahali pa mwanangu."

"Sikuchafua, mwanangu," bibi akajibu. "Palikuwa pa baridi. Nimempashia joto."

Hapo ndipo yule mama alipolia, na wanawake wote wakalia naye. Katekista akafungua kitabu, akaanza upya tangu mwanzo.

Nimeishi miaka mingi katika bonde hili. Nimeona mto Kilombero ukifunika mashamba upeo wa macho, nikadhani hakuna kitu kitakachonishangaza tena. Siku ile nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kiti bila kuvua viatu. Nilikuwa nikijiuliza jinsi watu wa zamani, ambao sisi tuliosoma tunawasimulia kama watu wa giza, walivyokaa chini wakabuni kitu cha namna ile: adui wako wa jana ndiye umpe ruhusa ya kukucheka siku unayoumia kuliko zote, kwa sababu ndugu zako siku hiyo hawana akili. Walijua kwamba itakuwapo siku ambayo mwenyekiti na mgambo na katekista na baba na babu wote hawatafaa. Wakamweka mtu mmoja pembeni kwa ajili ya siku hiyo. Na nilijiuliza ni wangapi niliowanyamazisha mimi katika uenyekiti wangu.

Sitaki kudanganya kwamba ugomvi wa vijana ulikwisha. Bado kuna vikundi, na mwaka jana tulimkimbiza mmoja hospitali. Mapanga yale bibi aliyauza sokoni kwa wakulima wa Idete waliokuwa wanafungua mashamba, pesa akainywa, na hakuna aliyethubutu kumdai.

Siku ya pili baada ya mazishi, asubuhi, mjukuu wangu alikuja mlangoni kwangu. Alikuwa amevaa shati la kwendea kanisani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Nisindikize kituoni."

Kituo cha polisi kiko ng'ambo ya reli. Tulikwenda kwa miguu. Sikuwa na fimbo, na goti langu ni bovu, kwa hiyo nilimshika bega lilelile nililolichapa, naye akapunguza mwendo bila kuambiwa. Tulipovuka tu tukawakuta wale wengine wamekaa kwenye pikipiki zao kando ya barabara. Mmoja akashuka kwenye pikipiki. Mjukuu wangu hakugeuza njia. Alitembea akiwa ameachia mikono, viganja wazi, nami nilihisi kwenye bega lake moyo unavyopiga. Ujasiri wa panga nimeuona kwa wengi. Huo mwingine nilikuwa sijauona kwa karibu.

"Oya," akasema yule aliyeshuka. "Mmekuja kufanya nini huku?"

"Tunapita."

"Na huyo mzee?"

"Babu yangu. Nimemkodi, hana kazi."

Hakuna aliyecheka kwao. Mimi ndiye niliyetaka kucheka, au kulia, nikashindwa kuchagua. Yule kijana akanitazama, akatazama mikono ya mjukuu wangu, akatazama tena. Tulikuwa tumesimama hatua chache tu kutoka kwake.

"Shikamoo," akasema hatimaye.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akaivuta pikipiki yake pembeni, tukapita.

Kituoni aliitwa ndani, mimi nikaambiwa nisubiri nje. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia akilitaja jina lile, kisha akalitaja tena taratibu, kwa sababu askari alikuwa anaandika. Hakuwa na hasira katika sauti. Alieleza wapi walikuwa wamesimama, nani alitangulia kutukana, na hakujificha: alisema kwamba wa kwanza kutukana walikuwa wao. Kijana aliyetajwa alikamatwa siku chache baadaye kwa mjomba wake, akiwa hai, mikono na miguu yake yote anayo. Mambo mengine ni ya mahakama, sitayasemea.

Alipotoka alikaa kando yangu kwenye benchi. Nilidhani atataka tuondoke upesi. Alikaa akitazama barabara, halafu akaniambia kwamba marehemu ndiye aliyekuwa akimpelekea mama yake maji kwa pikipiki kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, na kwamba tangu afe hakuna aliyekumbuka.

Tukarudi kwa njia ileile. Yeye akaenda kuchota, mimi nikatangulia kumwambia mama wa marehemu kwamba maji yanakuja.